Kuomba huduma Dar na Zanzibar bila kuonekana mkali

Mtu aliyekulia Nairobi au Kampala akifika dirishani kwenye ofisi ya Dar es Salaam akasema "Nataka fomu", hajamtukana mtu. Ila aliyekaa upande wa pili ameshamhesabu kuwa mkali. Hapo kilichopimwa ni namna ya kuomba, wala si ufasaha wa Kiswahili chake.

Anza na salamu, na uisubiri ijibiwe. Kwa mtu wa rika la wazazi wako ni "shikamoo", kisha unyamaze mpaka "marahaba" yake itoke. Wengi huharibu hapa: huirusha shikamoo huku wameshaanza kueleza shida, ikawa kama hawakusalimu. Umri ukikutatiza, "habari za kazi" haimuudhi mtu. "Mambo" iache kwa wa rika lako. Zanzibar, ukiingia mahali penye watu wengi, "asalaam aleikum" moja inawatosha wote.

Ndipo ombi lifuate: samahani, jina la heshima, naomba, kisha kitu chenyewe. "Samahani dada, naomba fomu ya kuhuisha leseni." Jambo likiwa zito, lirudishe wakati uliopita: "Nilikuwa naomba unisaidie kuangalia jina langu." Kulirudisha nyuma hivyo kunampa mwenzako nafasi ya kukataa bila aibu, na mtu aliyepewa nafasi hiyo mara nyingi husaidia. "Naomba" hutumika hata dukani unapolipa hela yako mwenyewe: "Naomba sukari nusu kilo." Kuongeza "tafadhali" baada ya "nipe" hakuponyi kitu, amri inabaki amri, na wakati mwingine huzidi kuwa kali, kama tangazo la stendi. "Nipe" ni ya watu waliozoeana, au mkubwa kwa mtoto.

Sauti nayo ina kazi yake. Ukikata neno la mwisho kwa ghafla, hata "naomba" inasikika kama karipio. Jirekodi kwa simu ukisema sentensi hiyohiyo mara mbili, ya pili taratibu na mwisho wake ukiuachia ushuke, kisha sikiliza zote mbili.

Kufuatilia ndiko kunakowaponza hata wenyeji. "Mbona hamjamaliza?" imebeba lawama, kwa hiyo anayejibu atajitetea badala ya kutafuta faili. Sema, "Samahani kaka, nilikuwa naulizia lile ombi langu limefikia wapi." Swali ni lilelile, lakini sasa anayetafutwa ni ombi, si mkosaji.

Usimwite mtu "wewe!" kutoka mbali. Na ukimtaja aliyesimama hapo hapo, "huyu" peke yake humshusha; sema "huyu dada" au "huyu mzee".

Kukataa: machinga, yaani mchuuzi wa mtaani, akikuletea mkanda, "asante, siku nyingine" inamaliza mazungumzo vizuri kuliko "sitaki". Ukikaribishwa chakula, "asante, nimeshiba", hata kama hujala.

Kwenye simu uso hauonekani, hivyo jitambulishe mapema: salamu, jina lako, unapiga kutoka wapi, ndipo shida. Namba usiyoijua ikikupigia, usiulize "wewe nani?" Uliza, "Samahani, naongea na nani?"