Kifaransa kwenda Kiingereza (na kurudi): nyoosha matamshi hatua kwa hatua

Nafundisha Kiingereza watu waliosoma kwa Kifaransa, wengi wametoka Goma, Bukavu na Bujumbura, na jioni nafundisha Kifaransa Wakenya waliozoea Kiingereza, kwa hiyo hizi shida nazisikia pande zote mbili.

Hatua ya 1: th. Kifaransa hakina hii sauti, ndo maana mtu wa Paris anasema "sink" akimaanisha think, na wa Quebec anasema "tink". Tokeza ncha ya ulimi kati ya meno, pulizia hewa taratibu. Kama unatamka thelathini na dhahabu vile wanavyotamka watu wa Pwani, basi unayo tayari: think ni th ya thelathini, this ni dh ya dhahabu. Kama kwenu ni zahabu, anzia hapo kwanza.

Hatua ya 2: h. Kiganja mbele ya mdomo, sema angry, halafu hungry. Kwenye hungry lazima usikie pumzi ya moto mkononi. Ila usiibandike kila mahali, hour h yake haitamkwi.

Hatua ya 3: mkazo, na hapa tafadhali usikimbie. Kifaransa kinaweka mkazo mwisho wa kifungu, Kiingereza kila neno lina pake, record ikiwa nomino unapiga mwanzo, ikiwa kitenzi unapiga mwisho, na silabi zilizobaki zinafifia kabisa, sikiliza banana, ni ile a ya katikati tu inayosikika vizuri. Gonga meza kwenye silabi yenye nguvu. Ukikosea th bado utaeleweka, ukikosea mkazo neno zima linampotea msikilizaji.

Hatua ya 4: sasa nyie wa Kiingereza. U ya Kifaransa: vuta iiii, ulimi usisogee hata kidogo, kisha chongoa midomo kama unapiga mluzi. Hiyo ndo rue, mtaa. Ulimi ukirudi nyuma umesema roue, gurudumu.

Hatua ya 5: irabu za puani za Kifaransa, kama vin (divai), vent (upepo), vont (wanaenda). Hewa ipite puani na mdomoni pamoja, na ncha ya ulimi isiguse juu mwishoni, ikigusa umeshaongeza n ambayo haipo.

R ya Kifaransa anzia kwenye gh ya ghali, uirudishe nyuma kidogo kooni.

Jirekodi kwa simu ukisema rue, roue, rue, roue, kisha mpe mtu anayejua Kifaransa asikilize bila kuangalia karatasi, akuambie kasikia lipi.