Kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) kwenye chuo chenye ushindani ukiwa Dar

Anza miezi kumi kabla ya tarehe ya mwisho, maana kinachokula muda ni mtihani. GMAT ya sasa, mtihani wa kuomba MBA, ina sehemu tatu: hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu. Kila moja ni dakika 45, na alama huanzia 205 hadi 805. Ukikosa alama unazotaka, unasubiri siku 16 ndipo urudie. Matokeo hudumu miaka 5, kwa hiyo kuwahi hakukupotezei kitu. Transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zako za chuo, nayo iombe mapema.

Wengi huanguka kwenye insha ya maombi. Mtu anaandika "nilisimamia mauzo ya duka Kariakoo", basi. Msomaji hajaona kitu. Afadhali hivi: "Vitenge vilikuwa vinalala stoo siku 60. Nikaanza kuhesabu mzigo kila Jumamosi na kuagiza rangi zinazotoka tu. Baada ya miezi minne vikawa vinalala siku 25." Hapo kuna tatizo, uamuzi wako na matokeo. Tarakimu ziwe za kweli, kwani kwenye usaili utaulizwa umezipataje.

Mdhamini, yaani atakayekuandikia barua ya mapendekezo, awe bosi aliyekusimamia kila siku, si mkurugenzi anayekujua kwa jina tu. Barua ya huyo hujaa sifa tupu. Mpe bosi wako wiki sita na ukurasa mmoja wa kazi mlizofanya pamoja. Akikwambia ujiandikie yeye asaini, kataa kwa heshima utafute mwingine: ni udanganyifu, na mwandiko wa barua utafanana na wa insha yako.