wrk: soma mstari wa makosa kabla ya kufurahia kasi

wrk ni programu huria ya Will Glozer ya kupima mzigo wa seva za HTTP. Ni ndogo, imeandikwa kwa C, na mashine moja ya kawaida inatosha kurusha maelfu ya maombi kwa sekunde. Ubaya wake ni mmoja: hutoa namba za kupendeza hata pale seva inapozidiwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na makosa, kisha unakwenda kwenye skripti za Lua (lugha ndogo ya programu) za kuiongezea uwezo.

Hatua ya 1: Ijenge

Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential libssl-dev git unzip
git clone https://github.com/wg/wrk.git
cd wrk && make
```

Ikikwama na ujumbe `unzip: not found`, umesahau unzip. Muda mwingi unaliwa na OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa HTTPS) inayojengwa upya; ukiandika `make WITH_OPENSSL=/usr` itatumia iliyopo tayari kwenye mfumo.

Iweke wrk kwenye mashine tofauti na seva unayoipima. Zikikaa pamoja zitagombania CPU, na hutajua kilichochoka ni kipi. Tena pima seva yako tu, au ile uliyopewa ruhusa ya kuipima. Miunganisho 200 ya wrk inatosha kuiangusha huduma ndogo ya mtu mwingine.

Hatua ya 2: Kipimo cha kwanza

```
wrk -t4 -c200 -d30s http://10.0.0.5:8080/bidhaa
```

`-t` ni idadi ya nyuzi (threads), isizidi viini vya CPU ya mashine inayopima. `-c` ni miunganisho yote kwa jumla. Chagua namba zinazogawanyika: ukiandika `-t12 -c400`, kila uzi utapata miunganisho 33, na utakuwa umepima kwa 396 bila kujua.

Tuseme majibu ni haya:

```
  4 threads and 200 connections
  Thread Stats   Avg      Stdev     Max   +/- Stdev
    Latency    84.12ms  210.40ms   1.99s    93.41%
    Req/Sec   512.30     96.11   780.00     71.25%
  61204 requests in 30.04s, 18.90MB read
  Socket errors: connect 0, read 0, write 0, timeout 317
  Non-2xx or 3xx responses: 1150
Requests/sec:   2037.42
Transfer/sec:    644.26KB
```

Wengi huruka moja kwa moja hadi 2037.42. Usifanye hivyo. Anza na mistari miwili ya makosa. Kusipotokea kosa lolote, mistari hiyo haionekani kabisa.

Hatua ya 3: Shughulikia timeout

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, kwa hiyo tukae kidogo. Usipotaja muda, wrk huweka kikomo cha sekunde 2. Jibu likichelewa kuliko hapo, wrk huliongeza kwenye hesabu ya timeout, lakini muda wake hauingizwi kwenye takwimu za Latency, yaani muda wa kusubiri jibu. Jibu la sekunde 9 halionekani kwenye Avg, wala kwenye Max, wala kwenye p99, yaani ule muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki. Yale maombi 317 mabaya kuliko yote yametolewa kwenye hesabu, wakati hayo ndiyo yanayowaumiza watumiaji.

Dalili ni Max iliyoganda kwenye 1.99s au 2.00s. Ukiiona, usiamini chochote kwenye safu ya Latency.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Kila muunganisho husubiri jibu kabla ya kutuma ombi jingine, hivyo wastani halisi wa ombi moja ni miunganisho ikigawanywa kwa maombi ya kila sekunde: 200 ÷ 2037.42, sawa na milisekunde 98. wrk imesema 84. Avg ikiwa chini ya hesabu hii, muda uliobaki umejificha kwenye timeout.

Dawa yake:

```
wrk -t4 -c200 -d60s --timeout 30s --latency http://10.0.0.5:8080/bidhaa
```

Sasa majibu ya polepole yanahesabiwa, na `--latency` inachapisha mgawanyo wa asilimia 50, 75, 90 na 99. Kipimo kiwe kirefu kuliko timeout. Ombi ambalo halijajibiwa hadi kipimo kinaisha halihesabiwi popote.

Hatua ya 4: Makosa mengine

*connect.* Ukiomba miunganisho 2000 ukaona makosa ya connect karibu 980, hiyo ni saini ya kikomo cha faili 1024 kwenye mashine inayopima. Kila muunganisho ni faili moja. Tazama kwa `ulimit -n`, panua kwa `ulimit -n 65535` kwenye terminali ileile kabla ya kuendesha wrk. Seva nayo ina kikomo chake; ikiwa inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma wa Linux), weka `LimitNOFILE=65535` kwenye faili la huduma, kwa sababu ulimit ya terminali yako haiifikii.

Kama faili zinatosha, angalia foleni ya kupokea miunganisho upande wa seva:

```
ss -lnt
nstat -az TcpExtListenOverflows
```

Kwenye soketi inayosikiliza, safu ya Send-Q ndiyo urefu wa foleni. Ikisomeka 128 na ListenOverflows inapanda wakati wa kipimo, foleni imejaa. Linux kabla ya toleo 5.4 iliweka `net.core.somaxconn` 128; kuanzia 5.4 ni 4096. Hata hivyo programu yako huomba urefu wake yenyewe inapoanza kusikiliza, na kati ya namba hizo mbili ndogo ndiyo inayotawala. Kupandisha somaxconn peke yake mara nyingi hakubadilishi kitu.

*read.* Seva imekata muunganisho jibu likiwa njiani. Anza na `dmesg | grep -i oom` kuona kama keneli imeiua programu kwa kukosa kumbukumbu.

*Non-2xx or 3xx.* Haya ni majibu yenye namba ya hali 400 kwenda juu, na yana sumu yake: seva iliyozidiwa ikirudisha 503 (huduma haipatikani) haraka, Requests/sec *inapanda*. Yatazame kwa macho, usiyakisie:

```lua
local zimeonyeshwa = 0

function response(status, headers, body)
   if status > 399 and zimeonyeshwa < 3 then
      zimeonyeshwa = zimeonyeshwa + 1
      print(status, body:sub(1, 200))
   end
end
```

Ihifadhi kama `tazama.lua`, endesha kwa `-s tazama.lua`. Ukiwa na nyuzi 4 utaona hadi mistari 12, kwa kuwa kila uzi una Lua yake na hesabu yake. Ukishaelewa kosa, iondoe: kuwepo kwa `response` kunailazimu wrk kuhifadhi vichwa na mwili wa kila jibu, na kasi ya kupima inashuka.

Makosa yote yakiisha na kasi bado haipandi, hakikisha si wrk yenyewe iliyofika mwisho: `top -H -p $(pgrep -x wrk)`. Nyuzi zote zikiwa asilimia 100, umepima mashine yako ya kupimia.

Hatua ya 5: Iongezee uwezo kwa Lua

Kupiga anwani moja tu mara 60,000 ni kupima kache, yaani majibu yaliyohifadhiwa tayari. Skripti hii inachagua bidhaa kwa bahati nasibu, inahesabu 503, kisha inaamua kama kipimo kimefaulu:

```lua
local nyuzi = {}
local hesabu = 0

function setup(thread)
   hesabu = hesabu + 1
   thread:set("uzi_id", hesabu)
   table.insert(nyuzi, thread)
end

function init(args)
   math.randomseed(os.time() + uzi_id * 7919)
   upeo = tonumber(args[1]) or 1000
   idadi503 = 0
end

function request()
   return wrk.format("GET", "/bidhaa?id=" .. math.random(upeo))
end

function response(status)
   if status == 503 then idadi503 = idadi503 + 1 end
end

function done(summary, latency, requests)
   local jumla = 0
   for _, t in ipairs(nyuzi) do
      jumla = jumla + t:get("idadi503")
   end
   local p99 = latency:percentile(99) / 1000
   local e = summary.errors
   local makosa = e.connect + e.read + e.write + e.status + e.timeout
   print(string.format("503: %d  p99: %.1f ms  makosa: %d", jumla, p99, makosa))
   if p99 > 300 or makosa > 0 then os.exit(1) end
end
```

```
wrk -t4 -c200 -d60s --timeout 30s -s bidhaa.lua http://10.0.0.5:8080 -- 5000
```

Kinachofuata baada ya `--` kinafika kwenye `args`. Mitego ya skripti hii ni minne, na mingi yake haitoi ujumbe wowote ukinaswa.

Kwanza, `idadi503` haina `local`, kwa makusudi. `t:get` husoma vigeu vya jumla (global) pekee. Ukiongeza `local` itarudisha nil na `done` itavunjika kwenye kujumlisha. Pili, jina unalolipa `thread:set` lisifanane na kigeu cha `local` kilicho juu ya faili. Ungeandika `thread:set("hesabu", hesabu)`, kila uzi ungesoma ile `local hesabu = 0` yake na kuona sifuri daima. Tatu, ukiondoa `uzi_id` kwenye randomseed, nyuzi zote nne zitapewa mbegu moja (namba inayoanzisha bahati nasibu) na kutuma orodha ileile ya bidhaa sambamba. Nne, `percentile` hutoa mikrosekunde, ndiyo sababu ya kugawanya kwa 1000.

`os.exit(1)` ina faida kubwa kuliko inavyoonekana: wrk peke yake humaliza kwa hali ya 0 hata kila jibu likiwa 500, hivyo mfumo unaoendesha vipimo baada ya kila badiliko la msimbo usingejua lolote. Kikomo cha 300 kibadilishe kifuate ahadi uliyowapa watumiaji wako.

Hatua ya 6: Unapohitaji kasi isiyoyumba

Kwa sababu wrk husubiri jibu kabla ya kutuma tena, seva ikiganda, wrk nayo inapunguza mzigo. Watumiaji halisi hawafanyi hivyo, wanaendelea kufika. Kwa swali la aina ya "maombi 1500 kwa sekunde, p99 itakuwa ngapi?" tumia wrk2 ya Gil Tene, iliyojengwa juu ya wrk:

```
./wrk -t4 -c200 -d120s -R1500 --latency http://10.0.0.5:8080/bidhaa
```

`-R` ni lazima. Muda huhesabiwa tangu ombi lilipopaswa kutumwa, kwa hiyo p99 yake mara nyingi inatisha ukilinganisha na ya wrk, na hiyo ndiyo ya kuamini. Sekunde takriban 10 za mwanzo inazitumia kujirekebisha, hivyo `-d10s` haitakupa kitu. Anzia dakika moja. Anza na R ndogo, tuseme 500, ongeza 250 kila mara, na usimame pale Requests/sec inaposhindwa kuifikia R uliyoomba. Matokeo yaliyo juu ya hapo ni urefu wa foleni tu.