Namna ya Kujijengea Jina Jema Katika Kazi Mpya

Mtu anapoanza kazi mpya, wenzake humtazama kwa makini katika wiki chache za mwanzo kuliko watakavyomtazama katika miaka yote itakayofuata. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanataka kujua kama mgeni huyu atategemeka, kama ujio wake utawapunguzia kazi au utawaongezea, na kama ni mtu wa kuelewana naye. Wakiisha kupata jibu, huacha kuchunguza na kuendelea na shughuli zao. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu wa kubuni, ikianza na akili na bidii na kuishia na ukaidi na wivu, kisha kundi jingine akalisomea sifa zile zile kwa mpangilio uliogeuzwa. Waliotangulia kusikia mazuri walimwona mtu mwenye uwezo aliye na kasoro zake, ilhali waliotangulia kusikia mabaya walimwona mtu mwenye matatizo ambayo yanaufunika uwezo wake.

Wengi wakisikia hayo huhitimisha kwamba wanapaswa kuonyesha ujuzi wao wote mapema iwezekanavyo, na hapo ndipo wanapopotea. Hakuna mwajiri mwenye akili timamu anayetarajia mtu aliyeingia juzi ajue taratibu za ofisi, historia ya wateja au mahali faili zinapohifadhiwa. Kinachopimwa katika siku hizo ni jinsi mgeni anavyolishughulikia asilolijua: anauliza au anabahatisha, anaandika anachoelekezwa au anakiacha kipotee, anasema mapema kwamba amekwama au anasubiri mpaka agundulike.

Maandalizi ya kabla ya siku ya kwanza hayahitaji maelezo marefu. Soma mkataba wako upya, hasa vipengele vya saa za kazi, kipindi cha majaribio na likizo, ili usije ukawauliza watu mambo ambayo umekwisha kuyatia saini. Mwandikie msimamizi wako ujumbe mfupi kuuliza uripoti kwa nani, saa ngapi, na ukiwa na nyaraka zipi. Ipitie njia ya kwenda kazini katika saa ile ile utakayokuwa ukisafiri, kwa kuwa barabara iliyo tupu siku ya mapumziko hukudanganya. Kuhusu mavazi, uliza. Ikiwa huna wa kumwuliza, vaa rasmi kidogo kuliko unavyodhani inahitajika, maana ni rahisi kupunguza urasmi kesho yake kuliko kuketi siku nzima ukijihisi hukustahili kuwapo.

Siku yenyewe, fika dakika kumi au kumi na tano kabla ya wakati. Kufika saa nzima kabla si bidii, kwani aliyetakiwa kukupokea hajafika, na aliyepo atalazimika kuacha shughuli zake akuhudumie. Wasalimie wote unaokutana nao, wakiwamo mlinzi, msafishaji na wa mapokezi. Hilo ni adabu tu, lakini lina faida yake pia, kwa sababu watu hao huijua sehemu ya kazi kuliko mameneja wengi.

Majina yanastahili juhudi ya pekee. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, katika utafiti wake kuhusu kumbukumbu aliouchapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hutupotea katika saa za mwanzo kabisa, kisha kasi ya kusahau hupungua. Usingoje basi mpaka jioni. Ukirudi kwenye meza yako baada ya kutambulishwa, andika mara moja jina la kila mtu, kazi yake na mahali anapoketi, hata kwa mchoro mbaya usioeleweka na mwingine. Ukisahau, uliza tena ndani ya wiki hiyo hiyo: “Samahani, naomba unikumbushe jina lako.” Ombi hilo halimkwazi mtu leo, lakini baada ya miezi mitatu litamkwaza, nawe utabaki kumkwepa mwenzako kwenye korido.

Sasa tuje kwenye maswali, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo zima. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nao walisema kweli, ila hawakuzungumzia kuuliza jambo lile lile mara ya nne. Kuwa na daftari, na kila unachoelekezwa kiandike palepale kwa hatua zake. Anayekuelekeza ameacha kazi yake kwa ajili yako. Akiona kalamu yako inatembea, anajua kwamba hatarudia. Maswali madogo madogo yasiyozuia kazi yakusanye, umwendee mwenyeji wako mara moja au mbili kwa siku kwa wakati mliokubaliana, badala ya kumkatiza kila baada ya dakika tano. Lile linalokuzuia kuendelea, uliza bila kuchelewa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Anayesema “Hapa sielewi” amemtupia mwenzake mzigo wote wa kutafuta tatizo liko wapi. Linganisha na huyu: “Nimefungua faili la mwezi uliopita nikakuta majedwali mawili yanayotofautiana. Nadhani la pili ndilo sahihi, kwa kuwa tarehe yake ni ya karibuni. Je, niendelee nalo?” Swali hili hujibiwa kwa neno moja, na hata kama dhana ya mwulizaji si sahihi, limeshaonyesha kwamba alijaribu, alifikiri, na alikuwa na hekima ya kuthibitisha kabla ya kuharibu. Vivyo hivyo, ukipewa kazi, irudie kwa maneno yako mbele ya aliyekupa: ni nini hasa kinachotakiwa, lini, kwa muundo gani, na nani atakayekisoma. Dakika moja ya namna hiyo huokoa siku mbili za kazi isiyotakiwa.

Kazi za mwanzo huwa ndogo, na kwa sababu hiyo wengi huzidharau. Hilo ni kosa. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao, akaona kwamba aliyepewa alama za juu katika sifa moja alielekea kupewa za juu hata katika sifa nyingine zisizohusiana nayo. Ndivyo ilivyo ofisini. Taarifa ya ukurasa mmoja iliyofika kwa wakati, ikiwa na hesabu sahihi na majina ya watu yaliyoandikwa bila makosa, humfanya msomaji aamini kwamba hata uamuzi wako katika mambo makubwa unaaminika. Kwa hiyo ahidi kwa tahadhari. Kama unaweza kumaliza Jumatano kwa kujibana sana, sema Alhamisi, na ukiona hata Alhamisi haitawezekana, mwarifu mhusika Jumanne, angali na nafasi ya kujipanga. Taarifa ya kuchelewa inayotolewa baada ya muda kupita haina tofauti kubwa na kisingizio.

Ukikosea, na utakosea, fuata kanuni hiyo hiyo: mwendee msimamizi kabla hajaletewa habari na mwingine, umweleze kilichotokea, ulichokwisha kukirekebisha na msaada unaouhitaji. Usianze na historia ndefu ya nani hakukueleza nini.

Kuna maneno mawili ambayo ningemshauri kila mwajiriwa mpya ayafungie kabatini kwa mwezi wa kwanza: “Kule nilikotoka.” Huenda kule mambo yalikwenda vizuri zaidi, lakini wenyeji husikia lawama hata pale ambapo hukukusudia kulaumu. Ukiona utaratibu wa ajabu, uandike kwenye daftari, kisha ulizia chanzo chake. Mara nyingi utakuta kwamba fomu inayojazwa mara mbili ilianza baada ya fedha kupotea, au kwamba mkaguzi aliiagiza. Mara nyingine utakuta hakuna sababu yoyote. Hapo, ukiwa sasa unaijua kazi, toa pendekezo lako pamoja na ushahidi.

Kuhusu mahusiano, pokea mwaliko wa kula pamoja na wenzako, hata kama ungependa kuwa peke yako. Makundi yaliyopo yatajaribu kukuvuta kwa kukusimulia ubaya wa wasiokuwapo. Sikiliza kwa heshima, usiongeze neno, na usilipeleke kwingine. Wala usibaki ofisini mpaka usiku ili uonekane. Msimamizi makini huuliza kilichofanyika, na asiyekuwa makini atakuzoea hivyo, siku ukiondoka kwa wakati akuone umelegea.

Anayefanyia kazi nyumbani ana ugumu wake, kwani hakuna anayemwona akisoma, akihangaika au akiuliza. Huyo hana budi kuandika zaidi: ujumbe mfupi asubuhi wa anachokusudia kufanya, na mwingine jioni wa alikofikia. Aombe pia mazungumzo mafupi ya video na kila mtu wa kitengo chake, mmoja mmoja, kwa sababu kwenye kikao cha watu kumi hakuna anayefahamiana na mwenzake.

Mwisho wa wiki ya kwanza, mwombe msimamizi wako nusu saa. Muulize ni kazi gani anayoipa kipaumbele kati ya zile ulizokabidhiwa, anapendelea kupewa taarifa kwa njia gani na mara ngapi, na ni nini kitakachomfanya aridhike kipindi cha majaribio kikifika ukingoni. Kipindi hicho kwa kawaida ni cha miezi mitatu hadi sita, lakini usingoje tathmini ya mwisho: kikifika nusu, rudi kwake na orodha fupi ya uliyoyakamilisha, umwulize waziwazi ni jambo gani ungeanza kulifanya tofauti kuanzia wiki ijayo. Atakachokutajia kiandike mbele yake, na baada ya wiki mbili mwonyeshe ulivyokitekeleza.