Maven ikigoma baada ya bando kukata

Wakuu, kama bando limekata katikati ya bildi, ukaunga lingine na Maven (programu ya kubildi miradi ya Java) bado inalia haioni dependensi ileile, yaani laibrari ambayo mradi wako unaitegemea, usikimbilie kufuta .m2 yote (folda ambalo Maven inatunza vitu ilivyoshusha), utaunguza MB kibao kushusha upya vitu ambavyo tayari unavyo. Piga tu mvn -U clean install kwenye terminal. Mimi jana hapa Sinza nimehangaika masaa mawili kabla ya kushtuka, kumbe Maven ikishindwa kupata faili inaandika kabisa kwamba imeshindwa, ingia ~/.m2/repository kwenye folda la hiyo laibrari utakuta kifaili kinaishia na .lastUpdated, na kikiwepo hicho inaweza isiulize tena mpaka siku ipite, sasa hiyo -U ndo inailazimisha iulize muda huohuo. Ila kama jar (faili lenyewe la laibrari) ilishuka ikaharibika, ukaona kosa la "zip END header not found", -U haisaidii maana Maven inaona faili lipo, hapo futa folda la vesheni hiyo moja tu halafu bildi tena. Na kama namba ya vesheni kwenye pom.xml (faili la mradi linaloorodhesha dependensi) umeikosea, hata ufute vyote haitashuka, icheki kwanza Maven Central, hifadhi ya mtandaoni ambako Maven inashusha laibrari.