Somo: Kupima udongo kabla ya msingi – shimo gani, chombo gani, na mchanga ulivyonidanganya ufukweni

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Wiki hii nimeulizwa mara tano swali lile lile: "Nina kiwanja, nataka kupandisha ghorofa mbili, kuna jamaa ana mashine ya visima, si atanipimia udongo hapo hapo?" Hapana. Mashine ya visima kazi yake ni kufika kwenye maji upesi. Inapuliza hewa, udongo unatoka juu ukiwa vumbi na chenga, za mita 4 na za mita 9 kwenye lundo moja. Utajua mwamba unaanzia karibu na wapi, basi. Ugumu wa udongo, unyevu wake, utakavyobonyea ukibebeshwa nyumba, hayo hutayapata. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia uzi huu.

Mimi ni fundi wa kuchimba na kutoa sampuli. Hesabu za msingi ni za mhandisi wako, usinitumie ramani.

Hatua ya 1. Jua kina unachotaka. Chini ya besi ya nguzo, uzito unasumbua udongo hadi kina cha mara moja na nusu au mbili ya upana wa besi. Besi ya mita 2 iliyokaa mita 1.5 chini inataka uchunguze angalau hadi mita 4.5. Besi zikikaribiana, chukua upana wa jengo zima, na hapo kina kinaongezeka sana.

Hatua ya 2. Waulize wachimba vyoo wa mtaa. Bure, na wanajua mengi.

Hatua ya 3. Chagua njia kufuatana na udongo.

Shimo la kuchimba kwa sululu na koleo ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na mimi ndilo nalipenda kwa nyumba ndogo. Hadi mita 3 hivi unaona tabaka kwa macho, unaona mizizi, unaona mstari wa maji, na unaweza kukata donge zima la udongo kama kipande cha sabuni bila kulivuruga. Tabora kwenye moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, hakuna kinacholishinda. Ila usishuke kwenye shimo linalopita mita 1.2 bila kuweka mbao za kuzuia kuta. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili, na haipigi hodi.

Ogaa ya mkono, lile keekee kubwa la watu wawili, inafaa udongo laini hadi mita 4 au 5. Ikikutana na changarawe imekwama. Kwenye mchanga wenye maji shimo linajifunga nyuma yako. Sampuli yake imevurugwa: inafaa kujua aina ya udongo, haifai kupima nguvu.

Nyundo ndogo ya koni, ile DCP ya kilo 8 inayoanguka milimita 575, ni ya barabara na sakafu. Haitoi sampuli. Msiniletee majibu yake kwa ajili ya ghorofa.

Tripodi ya miguu mitatu yenye winchi, kesingi na beila ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kesingi ni bomba la chuma linalokaa shimoni kuzuia kuta zisiporomoke. Beila ni bomba lenye mlango mdogo chini, unafunguka likishuka na kujifunga likipanda. Inachimba mchanga, mfinyanzi, hata changarawe ukiwa na subira, na inapita chini ya maji. Mwamba mgumu haiwezi.

Kuna ya kusukuma udongo kwa maji ya pampu. Ni ya haraka na nyepesi. Ila ukiokota udongo unaotoka na maji ukauita sampuli, umeokota tope: chembe laini zimeoshwa, nzito zimebaki chini. Kwa njia hii lazima usimamishe maji, ushushe bomba la sampuli, uchukue udongo pale chini kwenyewe.

Mwisho rigi ya kuzunguka yenye biti ya almasi. Hii ni ya mwamba, inatoa kiini, yaani gogo jembamba la mwamba unalolipanga kwenye sanduku. Ghali, na inataka maji mengi.

Hatua ya 4. Piga SPT, yaani kipimo cha ugumu wa udongo: unagonga bomba la sampuli chini ya shimo kwa nyundo. Nyundo kilo 63.5, inaanguka milimita 760, bomba linazama milimita 450, unahesabu mapigo kila milimita 150. Jumla ya hesabu mbili za mwisho ndiyo N; ikiwa ndogo, udongo ni legevu.

Hatua ya 5. Mchanga ulio chini ya maji. Hapa someni polepole.

Ilikuwa karibu na ufukwe, upande wa Kibirizi. Mchanga mtupu, maji mita moja na nusu kutoka juu. Jua linazama, vijana wamechoka, mimi nahimiza vuta, vuta. Beila likawa linapanda mbio kama ndoo ya kisimani. Sasa beila limebana ndani ya kesingi, ukilivuta kwa nguvu linanyonya kama bomba la sindano. Tena kila likitoka limebeba maji, kwa hiyo maji ya ndani yanashuka kuliko ya nje. Ya nje yanatafuta njia, yanaingilia chini ya kesingi na yanapanda na mchanga. Kule chini mchanga unachemka kama uji, wewe juu huoni kitu. Tulikuwa tumefika mita 7.5. Nikashusha bomba, tukapiga: 1, 2, 2. N ikawa 4, nikaiandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mhandisi alipoona 4 akaanza kuchora nguzo za kuzamisha ardhini, na mteja akaanza kutafuta mnunuzi wa gari lake. Bahati, mhandisi aliomba shimo la pili mita tatu pembeni. Safari hii mzee mmoja aliyenitangulia kazini alikuja na futi yake ndefu, mwishoni ameifunga chubwi ya wavuvi. Kila kabla ya kupiga alishusha chubwi hadi igonge chini, akasoma. Akaniambia nijaze kesingi maji hadi mdomoni na nipandishe beila kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kina kile kile, N ikatoka 19.

Kwa hiyo, kwenye mchanga wenye maji: maji ndani ya kesingi yawe juu kuliko ya nje wakati wote, hata mkienda kula. Beila liwe jembamba kuliko kesingi kwa nafasi ya kutosha. Kesingi isitangulie chini ya pale unapoanzia kupiga. Pima kina kwa chubwi kabla ya kila SPT. Ikisoma mita 6.7 wakati umechimba 7.5, sentimita 80 za mchanga zimeingia ndani, usipige. Na usidhani ukizisafisha umemaliza, maana udongo wa chini yake umeshalegea. Safisha, shuka zaidi, pigia huko, na uandike kwenye daftari kilichotokea. Msiandike namba mkanyamaza kama mimi.

Hatua ya 6. Tunza sampuli. Iliyovurugwa: mifuko miwili ya nailoni, lebo ndani na lebo nje, kwa penseli, wino unakimbia. Isiyovurugwa: mrija wa ukuta mwembamba, usukumwe taratibu bila kugongwa nyundo, ncha zote mbili zizibwe nta, uandikwe juu ni upi, ukae kivulini.

Hatua ya 7. Pima maji tena asubuhi, kisha fukia shimo. Ng'ombe wa watu wanapita.

---

MASWALI

TajiriMtarajiwa: Mkuu ndefu sana hii. Kwa kifupi mashine ipi ni bora?

Mzee wa Tripodi: Hatua ya 3.

TajiriMtarajiwa: Nimeipitia, mbona hujataja moja?

Mzee wa Tripodi: Kwa sababu haipo moja. Kiwanja kiko wapi, udongo gani, ghorofa ngapi? Katika vitatu hivyo hujaandika hata kimoja.

TajiriMtarajiwa: Kipo Mwanga. Udongo wa kawaida tu.

Mzee wa Tripodi: Hatua ya 2. Kaangalie choo kinachochimbwa, kisha urudi.

Mwanafunzi_TBR: Shikamoo mzee. Nasoma ufundi ujenzi. Kwa nini zile milimita 150 za kwanza hazihesabiwi? Na je, rigi mbili zikipiga pembeni kwa pembeni N itafanana?

Mzee wa Tripodi: Marahaba mwanangu. Za kwanza ni za kulikalisha bomba. Chini ya shimo panakuwa pamekorogwa na beila, kuna makombo, ukihesabu pale unapima uchafu wako mwenyewe. Swali la pili ni zuri kuliko unavyodhani. Hazifanani. Nyundo ikivutwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye ngoma ya winchi, kamba inaisuguasugua inaposhuka, nguvu yote haifiki. Ukizungusha kamba mara tatu badala ya mbili, mapigo yanakuwa mengi kwa udongo ule ule. Nyundo ya kujiachia yenyewe inafikisha nguvu zaidi, N inashuka. Ndiyo maana wahandisi wanairekebisha iwe sawa na nyundo inayofikisha asilimia 60 ya nguvu yake, wanaiita N60. Ukienda mazoezini andika aina ya nyundo kwenye fomu hata kama hakuna aliyekuuliza.

Mwanafunzi_TBR: Asante sana mzee. Fomu tulizopewa hazina hiyo nafasi.

Mzee wa Tripodi: Andika pembeni.

Fundi Moramu: Kaka, mimi niko Tabora, njia ya Igombe. Tripodi imegota mwamba mita 4. Msimamizi anasema tumefika, tufunge kazi. Shimo la upande wa pili lilishuka hadi 9 bila kugota.

Mzee wa Tripodi: Usifunge, kaka. Huko kwenu ni itale, yaani graniti. Itale inaoza kutoka kwenye nyufa kuingia ndani, inabakiza mawe mviringo mazima yameelea kwenye udongo. Hayo mawe makubwa mnayoyaona juu ya vilima, mengine bado yamezikwa. Tofauti ya 4 na 9 inanukia jiwe. Leteni rigi ya almasi, kateni angalau mita 3 ndani ya huo mwamba. Likiwa jiwe mtatokea upande wa pili kwenye udongo. Na mkipanga viini, jumlisheni urefu wa vipande vya sentimita 10 na kuendelea, mgawe kwa urefu mliokata. Ile ndiyo RQD. Kipande kilichovunjika mikononi mwenu wakati wa kukitoa, kiunganisheni mkihesabu kama kimoja. Ufa mpya unang'aa, wa zamani una kutu au vumbi.

Fundi Moramu: Nimekuelewa kaka. Huku bondeni ni mbuga, udongo mweusi. Huo nao?

Mzee wa Tripodi: Kiangazi ni tofali, masika ni ugali. Ogaa itakushinda nyakati zote mbili. Chimba shimo, kata donge, lifunge nailoni hapo hapo kabla halijapoteza unyevu, uombe maabara wapime kuvimba. Mbuga haikuui kwa udhaifu, inakuua kwa kuvimba na kusinyaa chini ya ukuta.

Mtaka Haki: Kwa hiyo uzembe wako nusura umtie mtu hasara ya mamilioni, halafu unakuja kutufundisha?

Mzee wa Tripodi: Ndiyo. Shimo la pili nililichimba bila malipo, kama ulitaka kujua. Una swali la udongo?

Mama Migebuka: Mdogo wangu, mimi si fundi, nina nyumba Ujiji karibu na maji. Hayo maji ya kupima asubuhi ni ya nini?

Mzee wa Tripodi: Dada, ukichimba maji hayajatulia, yanaweza kuchukua usiku mzima kupanda, hasa kwenye mfinyanzi. Ukipima jioni utaambiwa mita 3, asubuhi ni 2. Na nyie wa ufukweni ziwa lenyewe linapanda na kushuka kwa miaka, mnakumbuka 2020 na 2021. Mwambie mhandisi asichukue maji ya siku moja tu. Aulize wazee ziwa liliwahi kufika wapi.

Mama Migebuka: Lilifika kwenye mwembe wetu.

Mzee wa Tripodi: Basi mpeleke kwenye huo mwembe, apime kimo chake.

Kijana wa Gungu: Bro kwenye nta, mimi nayeyusha mishumaa ya dukani. Inapasuka ikipoa, inaachana na mrija. Nakosea wapi?

Mzee wa Tripodi: Hujakosea. Nta ya mishumaa peke yake inasinyaa. Changanya na nta ya nyuki, inavutika kidogo na kushika chuma. Paka tabaka jembamba mara tatu au nne, kila moja ipoe, usimwage zito mara moja. Na isiwe ya moto sana, itaingia kwenye udongo.

Fundi Moramu: Nta ya nyuki mje kwetu Tabora, warina asali wanayo tele. Ila mseme mnatafuta nta ya kuzibia mirija, mkisema ni ya mradi bei inapanda.

Kijana wa Gungu: Hahaha. Na kuipeleka mirija Dar kwa treni inawezekana? Maabara ya huku imejaa.

Mzee wa Tripodi: Nimewahi. Isimame wima kama ilivyokuwa ardhini, ndani ya sanduku, pembeni jaza maranda ya mbao hadi isicheze. Mfinyanzi laini unavumilia. Mchanga usihangaike, ukifika umeshatikisika wote, utume kwenye mfuko tu. Na usiwaachie wapakiaji wakulazie sanduku, kaa nalo.

Kijana wa Gungu: Behewani wataniruhusu?

Mzee wa Tripodi: Mimi niliwaambia ni udongo wa msingi wa nyumba. Waliniangalia, wakaniacha.