Kukinga miche ya nyanya na jalidi kwa kibanda chenye dumu la maji moto

Kinyungu changu, yaani bustani ya bondeni, kiko nje kidogo ya mji wa Njombe. Maji hayakauki hapo hata kiangazi, ila baridi nayo huteremka bondeni kama maji. Juni na Julai kuna asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa jalidi, yaani umande ulioganda, zinalia chini ya buti. Anayetaka nyanya za mapema lazima ahamishe miche kipindi hicho hicho, na mche wa nyanya ukishikwa na jalidi usiku mmoja tu, basi.

Hivi ndivyo ninavyofanya kwa miche 40 hivi. Mwenye ekari nzima asihangaike na njia hii. Apande juu mgongoni mwa kilima au asubiri baridi ipite.

Hatua ya 1: Mwagilia tuta mchana

Udongo mkavu hautunzi joto. Mwagilia kabla ya saa nane ili jua lipate muda wa kuupasha. Maji yaende kwenye udongo, majani yabaki makavu.

Hatua ya 2: Simika pinde

Pasua mianzi (kwetu huku kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, haikosekani) upate fito za mita 1.5. Choma ncha zote mbili ardhini, upinde mmoja kila hatua moja ya mguu. Kibanda changu kina urefu wa mita 2 na kinabeba miche 8 katika mistari miwili.

Hatua ya 3: Funika mpaka chini

Nailoni peke yake haitoshi, maana joto la udongo hupenya nailoni nyembamba likaenda zake, na jani linaloigusa huungua kwa baridi. Juu ya nailoni tandika blanketi kuukuu au viroba vilivyoshonwa pamoja. Kingo zifike ardhini pande zote, uzikandamize kwa mabonge ya udongo. Usifunge kitambaa kwenye shina la mche mmoja mmoja. Ukifanya hivyo umelifungia nje joto la ardhi.

Hatua ya 4: Weka madumu

Kila kibanda kinapata madumu mawili ya lita 5. Mwaka wa kwanza nilijaza maji yanayotokota. Dumu moja likalegea, likapinda, likavuja, na miche miwili nikaipika mwenyewe kabla baridi haijafika. Siku hizi naepua sufuria mvuke unapoanza kupanda, maji yakiwa kama nyuzi 60.

Lita 5 zikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 10 hutoa joto karibu sawa na taa ya wati 30 iliyowashwa kwa saa kumi. Kwenye kibanda kidogo hilo si haba. Tatizo ni kwamba dumu lisilovikwa kitu hutoa sehemu kubwa ya joto hilo mapema, ilhali baridi inauma zaidi kuelekea alfajiri. Kwa hiyo ninalivika kiroba mara mbili, ninaliweka saa tatu usiku, na asubuhi nikiligusa bado lina uvuguvugu. Liwe shibiri moja kutoka kwenye shina.

Jiko la mkaa usiliingize humo hata kidogo. Nailoni huyeyuka, blanketi hushika moto, na hewa ya mkaa usioungua vizuri hudhuru hata mche wenyewe.

Hatua ya 5: Chagua usiku

Kuni ni ghali, sichemshi kila siku. Jioni natoka nje: mawingu yakitanda au upepo ukivuma, nafunika tu bila dumu. Nyota zikiwa kali, hewa imetulia kimya na pua inauma, naweka sufuria jikoni.

Hatua ya 6: Fungua asubuhi

Saa tatu asubuhi, jua likishapanda, toa blanketi na ukunje nailoni. Ukichelewa, miche inaungua kwa joto, na unyevunyevu uliofungiwa ndani unaita ugonjwa wa majani uitwao bakajani chelewa.

Ukikuta majani yamekuwa meusi na malegevu kama mchicha uliochemshwa, usiung'oe mche siku hiyo. Ngoja wiki moja. Kwaruza shina kwa kucha: likiwa bado kijani ndani, kata sehemu iliyokufa tu, kwa sababu machipukizi yatatoka kwenye makwapa ya majani ya chini.